Masika yalitukuta Kajificheni

Kila mwaka, ikifika mada ya hali ya hewa, huwa nachora ubaoni ramani ya Afrika Mashariki na mishale miwili mikubwa, mmoja wa kaskazi na mmoja wa kusi. Nawaeleza watoto kwamba jua likishavuka ikweta mwezi Machi kwenda kaskazini, ukanda wa mvua hulifuata. Kaskazi hukata, kusi huanza kuvuma na unyevu wa Bahari ya Hindi mgongoni, na pwani hupata masika kuanzia Machi hadi Mei. Nimefundisha hivyo miaka kumi na minne. Halafu mimi huyo huyo, chaki bado kwenye kucha, nikamchukua mama watoto tukaenda kutembea Zanzibar mwezi wa nne bila mwamvuli.

Utetezi wangu ulikuwa bei. Pasaka inakupa siku nne za mfululizo, watoto tuliwaacha kwa bibi yao Kondoa, treni ya SGR inakutoa Dodoma hadi Dar kabla mgongo haujaanza kulalamika, na boti inavuka kwa kama saa mbili. Vyumba mwezi huo ni bei ya kutupa, na hoteli nyingi za ufukweni hata hufunga milango mpaka msimu urudi. Nilijiona mjanja. Sikujiuliza kwa nini mfanyabiashara mzima na akili zake afunge duka katikati ya mwaka.

Tena sisi wa Dodoma mvua hatuiogopi. Kwa mwaka mzima tunapata milimita mia tano na ushee, na ikija watu hutoka mlangoni kuiangalia kama mgeni aliyechelewa. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500, na sehemu kubwa humwagwa ndani ya hiyo hiyo miezi ya masika. Tarakimu hizo nilikuwa nazo kichwani. Mwili ndio ulikuwa haujaambiwa.

Jumamosi asubuhi, kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia mtaa wa Malindi, hapo hapo Mji Mkongwe, mama aliyekuwa akituandalia chai alichungulia dirishani akasema, bila hata kutugeukia:

"Leo itakunya hii. Chukueni mwavuli."

Mama watoto akainamia kikombe chake, mabega yanatikisika. Mimi nikajikaza kiume. Sisi watu wa bara neno hilo kwetu lina kazi moja tu, na si ya kutajwa mezani. Lakini ukikaa ukalifikiria, wenyeji wa pwani ndio wenye haki: mvua hunya, na huku kunyesha kwetu kumetokana na huko huko kunya. Sisi ndio tuliolipeleka neno chooni tukaliacha huko. Ila asubuhi ile sikuwa na muda wa isimu. Nilitazama juu, nikaona bluu tupu na kiwingu kimoja upande wa bahari chenye ukubwa wa kiganja, nikamwambia, "Ahsante mama, hatutachelewa." Hata simu ilinichorea kijua.

Nilikuwa na ratiba kwenye karatasi. Mwalimu bila andalio la somo si mwalimu. Saa tatu soko la Darajani, saa nne na nusu Kanisa la Anglikana pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Saa sita Ngome Kongwe, kisha chakula, kisha makumbusho, jioni Forodhani. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vipya, vya kuendea safari. Mama watoto alinitazama miguu akasema, "Baba watoto, hivyo viatu ni vya harusini." Sikujibu. Yeye alikuwa na kandambili.

Darajani na kanisani tulikwenda vizuri. Tulipotoka Mkunazini tukaingia vichochoroni kukata kuelekea baharini, na hapo ndipo nilipoanza kusikia kitu kama magunia ya mahindi yanamwagwa mbali, juu ya mabati. Mwanga ulibadilika, kuta zikageuka rangi ya majivu. Vijana wawili waliokuwa wakicheza keram walinyanyua ubao na kete zake wakaingia nao ndani, mwendo wa mtu aliyezoea. Mwenye duka la vinyago alikuwa ameshaanua kila kitu nje. Watu wote wa mtaa ule walikuwa wameisikia dakika mbili kabla yangu. Mimi nilikuwa nimesimama nasoma karatasi.

Tone la kwanza lilianguka kwenye neno "Ngome". La pili sikuliona, kwa sababu yalikuja yote.

Nikafanya kosa la pili la siku: nikamshika mkono mama watoto nikaanza kukimbia. Vichochoro vya Mji Mkongwe si vya kukimbilia hata kukiwa kukavu. Vina upana wa watu wawili na baiskeli, vinapinda, na huku juu mabati ya pande zote mbili yametokeza kidogo nje ya ukuta. Kwa hiyo maji ya paa la kulia na ya paa la kushoto yote yanashukia katikati ya njia, pale pale anapokimbia mtu asiyejua. Aliyejua anatembea pole pole, begani kwake ukuta. Sisi tulipita chini ya maporomoko mawili kwa wakati mmoja. Kona ya pili nilikuwa sijui tena bahari iko wapi, maji yamefika kwenye fundo la mguu, na kiatu cha kushoto kimeanza kufungua mdomo.

"Nyie! Nyie wageni! Pandeni juu!"

Sauti ilitoka barazani. Wanaume watano walikuwa wamekaa kwenye ile benchi ya mawe inayojengwa pamoja na nyumba, mgongo ukutani, miguu wameikunja. Waliposogea, pakapatikana nafasi. Tukapanda.

"Shikamoo mzee," nikasema nikitweta, maji yananitoka puani.

"Marahaba. Mwakimbilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama karatasi yangu ya ratiba. Ilikuwa imekuwa uji.

"Hapa ni wapi, mzee?"

"Kajificheni."

Nilidhani ananitania. Hapana, ndiyo jina la mtaa. Wale wengine walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa.

Kabla hata sijakamua shati, mlango mzito wa kuchonga nyuma yetu ulifunguka kidogo, bi mkubwa mmoja akatoa kichwa. Mimi hakunitazama kabisa. Alimtazama mama watoto, nguo zimemgandia mwilini mbele ya wanaume wa watu, akamwambia, "Njoo ndani mwanangu, utapata baridi." Mkono ukatoka, ukamvuta, mlango ukafungwa. Hivyo tu. Mke wangu nikaja kumwona tena baada ya alasiri.

Huu ukawa ndio mpango wa siku yangu. Hakuna ngome, hakuna makumbusho. Saa tatu na zaidi nilikaa juu ya jiwe lililopakwa chokaa, kimo cha goti, nikiwa nimebanwa kati ya mzee wa kofia na muuza kahawa aliyekuwa ameliweka dele lake juu ya jiko la mkaa pembeni, chini ya ukingo wa paa. Nilikuwa nimepita mbele ya baraza kama hizi siku nzima iliyotangulia na kuzipiga picha. Nilidhani ni mahali pa wazee kukaa. Na kweli ni mahali pa wazee kukaa, lakini mtaa ulipojaa niliona kazi yake nyingine. Mtoto wa kama miaka tisa alitokea kwenye kona ya juu amebeba mikate ndani ya beseni lililofunikwa kwa sinia. Hakukanyaga maji hata mara moja. Alitembea juu ya baraza ya nyumba ya kwanza, akarukia ya pili, akafika kwetu akasema "Assalam aleikum, miguu," nasi sote tukainua miguu kwa pamoja kama askari, akapita, akaendelea. Baada yake akapita mama mmoja na kapu. Kisha paka. Njia ilikuwa imehama kutoka chini ikaja juu, na sisi tulikuwa tumekaa katikati ya barabara.

Chini, maji yalikuwa yakipita rangi ya chai ya maziwa. Nilihesabu kandambili tatu, zote za mguu wa kulia, sijui kwa nini. Mzee wa kofia aliniona natazama na kipimo fulani machoni, kama mtu anayetaka kushuka ajaribu kuvuka.

"Usishuke. Pale kwenye kona kuna shimo la mtaro, mfuniko wake hauna siku nyingi umetoka. Sisi twalijua. Wewe hulijui."

Hilo nimelishika. Maji ya mjini hayakuonyeshi chini yake, na makaro yakishafurika hujui unakanyaga mchanganyiko gani. Usiku ule tuliosha miguu kwa sabuni mara tatu.

Nikaegemea ukuta. Akanigusa kiwiko.

"Na huo nao usiuegemee sana. Umekunywa."

Akanieleza, taratibu, akinionyesha kwa kidole mahali chokaa ilipobanduka. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba: boriti haifiki mbali. Ukuta wa namna hiyo hauzuii maji kama saruji, huyanywa, na jua likirudi huyatoa. Kinachoua nyumba ni paa. Bati likitoboka, au mlizamu ukivunjika na hakuna wa kuutengeneza, maji yanaingia kichwani mwa ukuta na kwenye ncha za boriti, masika hadi masika, mpaka siku moja dari inashuka. Neno "mlizamu" nilikuwa sijalisikia tangu nizaliwe. Kwetu tunasema gata, kama mafundi wanavyosema, na hatujui kama tulikuwa na neno letu. Wa nyumba ile ulikuwa umevunjika katikati, umefungwa kwa kamba ya katani, na maji yalikuwa yakiruka pale kwenye mvunjiko kama mkia wa jogoo.

"Mbona hamuutengenezi?"

"Warithi kumi na wawili," akasema. "Wanne wako Maskati."

Nikanyamaza. Nikakumbuka habari ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilivyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati. Wakati ule niliisoma kwenye simu nikiwa Dodoma nikaona ni bahati mbaya tu. Nikiwa nimekaa chini ya ule mkia wa jogoo, sikuiona tena ni bahati.

Adhuhuri iliadhiniwa ndani ya mvua, sauti inakuja na kupotea. Wanne wakaondoka kwenda msikitini kwa miavuli miwili, wakaniachia kete za dhumna nizilinde. Waliporudi walinikuta nazilinda kweli, mkono juu yake, wakaniona nastahili kufundishwa. Nilifungwa mara sita. Nilikunywa vikombe sijui vingapi vya kahawa chungu na kashata ya karanga, na kila nilipotaka kulipa nikatoa noti zilizogandana kama kurasa za daftari lililoanguka kisimani. Muuza kahawa alizitazama akasema, "Ziweke mwalimu, zikikauka utakuja." Kufikia hapo nilikuwa nimeshakuwa "maalim" kwa mzee na "mwalimu" kwa vijana, na mmoja alinitaka nimweleze kwa nini safari hii masika yamechelewa. Nikaeleza habari za jua na ukanda wa mvua na mishale yangu miwili. Wakasikiliza kwa adabu. Mzee akasema, "Ndiyo. Na ukiona siafu wanahama na mayai yao, siku mbili." Hilo halimo kwenye mtaala. Nimeshaliongeza.

Simu yangu ilikuwa mfukoni muda wote huo na ilikuwa imekufa. Mambo ya kuizika kwenye mchele nimeyajaribu, sikuona faida zaidi ya kupata chembe za mchele kwenye tundu la chaji; kilichoisaidia ni kuizima, kuipangusa na kuiacha mbele ya feni hadi kesho yake jioni. Mfuko wa plastiki wa kuifungia siku hizi huwezi kuuokota dukani: bara ilipigwa marufuku Juni 2019, na Zanzibar walitutangulia. Sasa nasafiri na kile kikopo cha mfuniko wa kubana tunachowawekea watoto chakula cha shule. Ndani yake simu, kitambulisho, hela. Mama watoto anakicheka, lakini naye ameweka chake.

Baada ya alasiri mvua ilipungua ikawa manyunyu, kisha ikaanuka ghafla kama mtu aliyekatisha maneno. Mlango ukafunguka. Alitoka mwanamke aliyejifunga kanga za rangi ya zambarau, nywele zimesukwa upya nusu kichwa, na ilinichukua sekunde kumtambua kuwa ni mke wangu. Alikuwa ameshiba. Kule ndani, kumbe, kuna ua mdogo ulio wazi juu, na siku nzima wanawake walikuwa wakipanga ndoo, madumu na masufuria, mengine kukinga maji ya kufulia, mengine chini ya sehemu zinazovuja ghorofani. Anasema kila chombo kilikuwa na sauti yake, na bi mkubwa alikuwa akisikia tu sauti ikibadilika anajua kipi kimejaa, anamtuma mjukuu. Walikula muhogo wa nazi na samaki. Mimi nimekula kashata. Yeye alijua bi mkubwa ana watoto wangapi na nani kaolewa Pemba na mgogoro wa nyumba ulianzia wapi. Mimi, baada ya saa tatu na zaidi ubavu kwa ubavu na mzee yule, hata jina lake nilikuwa sijauliza.

Tulirudi kwa kupitia Darajani, na hapo nilisimama makusudi, viatu mkononi. Barabara kubwa ilikuwa imejaa maji upana mzima, daladala zinapita kwa tahadhari kama boti. Pale zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ndiyo maana upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, na daraja la kuvukia ndilo lililozaa jina la Darajani. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo mpaka ukawa barabara na viwanja. Jioni ile ulikuwa umerudi kuangalia kwake. Nilianza kumweleza mama watoto, akaniambia, "Mwalimu, tuko likizo."

Forodhani hatukwenda. Viatu vya harusini nilivitupa pipani palepale Malindi, na mama wa nyumba ya wageni alipotuona mlangoni hakusema neno lolote. Alitazama miguu yangu mitupu, akaenda kuweka maji ya moto. Ukimya ule nimeusikia zaidi kuliko angenisema.

Jumapili asubuhi jua lilitoka la kuchoma, kuta zinatoa mvuke. Kanga zilikuwa zimefuliwa na kukauka, na kwa kuwa huwezi kurudisha kitu cha mtu mikono mitupu, tulinunua sukari kilo mbili na majani ya chai, mama watoto akiguna kwamba tungejua tungebeba zabibu za Dodoma. Nikanunua na mwamvuli Darajani, mweusi, mkubwa, kwa bei ambayo muuzaji alinisomea usoni. Tatizo likawa kuipata nyumba. Kukavu, vichochoro vyote vilikuwa vile vile: milango ya misumari ya shaba, baraza nyeupe, paka. Tulipita sehemu moja mara tatu. Mama watoto ndiye aliyeinua macho akauona mlizamu, na kamba yake ya katani.

Mzee alikuwepo, mahali pale pale, na kahawa yake. Nikamsalimu, nikamuuliza jina lake, akanipa. Alipokea sukari akaipitisha ndani mlangoni bila kuangalia nyuma, kisha akautazama mwamvuli wangu kuanzia ncha hadi mpini.

"Maalim, na huo wa nini? Leo haikunyi."

Nikatazama juu. Bluu tupu, na upande wa bahari kiwingu kimoja.

"Mzee, nisogezee nafasi nikae," nikasema.